Kapu la Meno Yaliyofeli

Hii nilisimuliwa na wifi yangu mwaka jana, msimu wa mvua, tukichambua mchele barazani. Alikuwa jirani wa ukuta mmoja na fundi cherehani utakayemkuta humu, kwa hiyo mengine aliyaona kwa macho na mengine aliyapata kwa kuegemeza sikio ukutani. Mimi sikuongeza neno. Labda mawili.

Kulikuwa na mwanamume aliyeitwa Sukari Guru, kwa ajili ya maneno yake. Aliwahi kumuuzia mwenye upara kitana, na mwenye upara akarudi kesho yake kuuliza kama kipo kikubwa zaidi. Kinywani hakuwa na hata jino moja la kuzaliwa nalo. Yote yalikuwa ya bandia, juu na chini, kazi ya fundi wa kweli wa mji mwingine, ambako Sukari Guru hakai tena kwa sababu anazozijua yeye na polisi wa huko. Yalikuwa meno mazuri. Akicheka, mtu anasahau alichotaka kumuuliza.

Asubuhi moja, akipita nyuma ya chuo cha mafundi wa meno, alimwona mtunza stoo anataka kumwaga kapu jalalani. Ndani kulikuwa na seti za meno ya bandia zaidi ya thelathini, zinacheka zenyewe.

"Za nini hizi, kaka?"

"Za wanafunzi. Kazi za mtihani. Zote hizo zimefeli."

"Zimefeli vipi, mbona meupe hivi?"

"Mwalimu anasema hayakutani."

Sukari Guru akalitazama kapu kwa huruma, kama mtu aliyeokota yatima. "Maskini. Basi nipe mimi, nitayakutanisha na watu."

Akampa yule bwana sigara mbili, akabeba kapu. Mchana alikuwa ameshapata koti jeupe.

Wa kwanza kunasa alikuwa mwenye nyumba mmoja wa mtaani, mzee mchoyo ambaye jua likizama alikuwa karibu akunje kivuli chake akiweke sandukuni. Alikuwa pengo tupu miaka mingi, na kliniki aliiona ghali. Sukari Guru akamchagulia seti, akaibana kwenye fizi, akampa kioo. Alikuwa na desturi hiyo: mgonjwa anapewa kioo, hapewi mkate. Mzee akajitazama, akajipenda, akatoa redio yake kubwa. Wa pili alikuwa muuza mkaa wa pembeni, naye akatoa baiskeli.

Siku ya tatu mwenye nyumba alimkamata mlangoni.

"We daktari! Nikitafuna kulia, kushoto kunainuka. Jana tonge liliponitoka, meno yalitoka nalo kulisindikiza!"

"Mzee wangu," alisema Sukari Guru bila kupepesa, "meno mapya ni kama mkwe. Hayazoei nyumba siku moja. Yape heshima."

Mzee akaenda kuyapa heshima. Mtu aliyepata kwa bei rahisi hapendi kukiri kwamba amepatikana yeye.

Basi ndipo Sukari Guru akamwona fundi cherehani. Alikuwa mjane, kapanga chumba cha mbele katika nyumba ya yule mzee. Dirishani alikuwa na cherehani ya miguu, ya zamani, nyeusi, ikilia kama njiwa. Hiyo ndiyo iliyomlisha. Meno yalikuwa yamemwisha miaka minne. Akicheka alificha mdomo kwa kiganja, na chakula alikula peke yake, mlango umefungwa, mkate umelowekwa mpaka umelegea.

Na Jumamosi mdogo wake wa kiume alikuwa anakuja, yule aliyemlea mgongoni, hawajaonana miaka kumi na moja. Alitaka jambo moja tu: wakae meza moja, uso kwa uso, wale nyama, na mdogo wake aone dada, asione kiganja.

"Mama, Mungu amenileta," alisema Sukari Guru. "Meno kwa cherehani, tumemaliza. Hata haya yangu," akacheka ili yaonekane, "nimeyatoa humu humu kapuni. Fundi mmoja, kazi moja."

"Humu humu?"

"Humu humu, mama yangu. Plastiki ya siku hizi inajifunza yenyewe kinywa cha mtu."

Alimuuliza afya, mdogo wake anakuja lini, cherehani inapita kwenye turubai au haipiti. Aliuliza kila kitu isipokuwa kimoja: kabla ya kushona, mama huyu alikuwa anafanya kazi gani.

"Nimekusikia, mwanangu," alisema mama. "Njoo kesho saa nne. Wateja wangu watakuwepo, wawe mashahidi wa makabidhiano."

Sukari Guru alilala kwa furaha usiku huo. Tapeli naye ana haki ya usingizi mmoja mzuri.

Kesho yake chumba kilijaa. Wanawake wenye vitambaa, muuza mkaa kasimama mlangoni, mwenye nyumba kakaa kwenye kiti bora bila kukaribishwa. Wifi yangu alikuwa dirishani, kwa bahati tu.

Sukari Guru akalitua kapu, mama akachagua seti. Hakuitia mdomoni. Akavuta kipande cha karatasi ya kaboni, ile ya kuhamishia mchoro kwenye kitambaa, akakiweka katikati, akayabana meno ya juu na ya chini kwa vidole, kisha akayatazama. Alama mbili tu, mbele.

"Magego yako likizo," alisema.

Akajaribu nyingine. Upande wa kulia una alama, kushoto hakuna kitu. Nyingine, alama moja kubwa kama chawa.

"Mama, wewe unashona nguo, mambo ya—" Sukari Guru akaanza.

"Nimefagia darasa la chuo cha mafundi wa meno miaka kumi na minane, baba. Kila mwaka mwalimu anapiga kelele zile zile: meno ya kupachika yakutane kulia na kushoto kwa wakati mmoja! Upande mmoja ukitafuna, wa pili uushikilie, la sivyo yote yanapinduka kama mtumbwi! Na kazi iliyofeli anaichora msalaba kwa ndani." Akaigeuza seti. Msalaba huo hapo. Mwenye nyumba akatoa yake kinywani, akaigeuza, akauona na wake.

"Lakini mimi si mtu wa ugomvi," mama akaendelea kwa upole. "Ahadi ni ahadi. Ulisema na yako imetoka humu humu, fundi mmoja. Basi nipe hiyo iliyo kinywani, wewe chagua yoyote kapuni, na cherehani ubebe."

Sukari Guru akaitazama cherehani, akautazama mlango, na mlango una muuza mkaa. Kukataa ni kukiri. Akatia vidole mdomoni, akatoa, akampa.

Mama akayabana na kaboni. Alama ndogo ndogo zikatokea kulia na kushoto, kama shanga zilizotungwa.

"Haya ndiyo meno," alisema. Akayafunga kwenye leso, akayatia kwenye droo ya cherehani, akafunga. Ufunguo akautia kifuani, mahali ambapo mwanamume mwenye adabu hapeleki mkono, na asiye na adabu anaogopa mkasi.

"Fafa mama, nirudifie," alisema Sukari Guru. Uso ulikuwa umeporomoka, na ile sukari yote imeyeyuka. Bila meno yale hakuwa na kazi. Hata salamu isingeuzika.

"Redio kwanza. Na baiskeli. Kapu libaki."

Kabla ya adhuhuri vilikuwa vimerudi. Mama ni mtu wa ahadi, akamrudishia meno yake, ila kwa usafi aliyaosha kwanza kwa sabuni ya kufulia na hakuyasuuza sana. Wifi anasema kwenye kona ya mwisho ya mtaa alionekana anakimbia, povu linamtoka.

Kisha mama akajitwika kapu, akalipeleka chuoni, akalitua juu ya meza ya mwalimu. Mwalimu akavua miwani. Habari kwamba kazi zilizofeli zinazunguka mjini ndani ya vinywa vya watu si habari ya kusambaa.

"Umemwambia nani, mama?"

"Bado. Mdomo wangu hauna meno ya kuuzuia."

Basi wakamtengenezea meno ili anyamaze. Darasa zima lilifanya kazi siku tatu. Mwalimu akamtia kinywani nta ya kupimia anavyouma: "Peleka ulimi nyuma, meza mate, halafu uma taratibu. Usiume kwa maringo." Wakapima kwa karatasi ya rangi, wakaona kibonge kushoto, wakakisaga, wakapima tena. Mwisho hakupewa kioo. Alipewa mkate mkavu.

Jumamosi mdogo wake akafika. Walikaa meza moja, wakala nyama, taratibu, pande zote mbili.

"Dada, mbona unanitazama tu unacheka?"

"Kula, baba. Nina miaka minne ya kucheka."

Baada ya kula, mdogo wake alilala kitini, mguu mmoja una kiatu. Mama akaondoa vyombo, akayatia meno yake kwenye kikombe cha maji, ya juu yakakalia ya chini bila kuyumba. Akajinyoosha kitandani, kiganja kiko mbali na mdomo, naye akalala.