Ubaridi Usio Halali Nyumbani kwa Dena

Tezo, Kilifi
11 Machi 1986

Kwa Bwana Chifu,

Shikamoo, na pole kwa joto hili. Mimi ni Phineas Thuku, karani wa stoo, mzaliwa wa Nyeri, mwenye ile nyumba ya mabati inayong'aa hata ukiwa barabara kuu. Nakuandikia kwa uchungu kumshtaki jirani yangu, Mzee Dena, mwenye nyumba ya udongo na makuti. Nyumba yake ina ubaridi ambao hakuuombea kibali, na ubaridi huo umenichukulia mke.

Mimi nilijenga kisasa, Bwana Chifu. Matofali ya saruji, mabati, na madirisha madogo kama ya kwetu, ili baridi isituingie. Miarobaini minne iliyokuwa ikilificha paa niliikata. Baridi yenyewe sijaiona mpaka leo, lakini hilo si kosa la fundi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mke wangu Jedida alikwenda kwa Dena kuomba chumvi, akarudi magharibi. Kesho yake akaenda kuirudisha. Jamani, nani anarudisha chumvi? Sasa amehamia huko kabisa na mtoto, analala chumbani kwa Bi. Kadii, mke wa Dena, na amenitumia salamu kwamba harudi kuokwa. Kuokwa! Nampenda sana mwanamke huyu, Chifu, na nyumba nilimjengea yeye.

2. Ushirika wa Jumatano nao umehama. Mchungaji Laban alisema mvua ikipiga mabati yangu hasikii anachoomba, na jua likiwaka anasahau. Sasa wanaimba barazani kwa Dena, mtu ambaye hata hajabatizwa. Mishumaa ya ibada imebaki kabatini kwangu, imeinama yote bila kuwashwa.

3. Upepo. Unatoka baharini ukiwa mzima, unapitia kwanza kwa Dena, unaingia mlango huu unatokea ule, na ukifika kwangu umeshatumika. Naomba tugawiwe kwa zamu, leo yeye, kesho mimi.

4. Mwarobaini wa Dena hutupa kivuli upande wangu asubuhi tu, nikiwa kazini. Ikifika saa saba mchana kivuli kimesharudi kwake. Naomba mpimaji wa ardhi aje ahamishe mawe ya mpaka yakifuate.

Kwa hiyo Dena aamriwe aezue makuti yote, atie mabati, apunguze madirisha na aukate ule mti. Tukiwa na joto sawasawa, hakuna mke atakayepata pa kukimbilia, na hayo ndiyo maendeleo. Akikaidi, ubaridi wote wa lokesheni uchukuliwe ukawekwe ofisini kwako chini ya ulinzi, nasi tuwe tukija kuupokea kwa foleni.

Nisalimie wa nyumbani, karani wako, na maaskari wote, hata yule anayesinzia mlangoni.

Mimi raia wako mtiifu, niliyelowa jasho,
Phineas Thuku

Nyongeza: Barua hii nimeiandikia barazani kwa Dena, kwa kuwa kwangu jasho lilikuwa likifuta wino. Aliniuliza naandika nini. Niliona haya, nikamwambia naomba ruhusa yako niezeke makuti. Maskini, akaamini! Akamwita Jedida, na Jedida akacheka mpaka akakaa chini. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu tuingie nyumba ile. Bi. Kadii na wenzake wameshaanza kushona makuti, na Dena amealika watu kwa Jumamosi, hataki chochote ila tule pamoja. Madirisha atanipanulia yeye. Miti amekataa katakata kunipandia. Niliikata mimi, anasema, nitaipanda mimi na kuimwagilia maji mimi. Jedida atarudi paa likiisha. Barua siwezi kuichana, stempu nimeshabandika. Basi Chifu, ukitoa ile amri, askari wa kuileta aje Jumamosi asubuhi na mapema, na awe mtu asiyeogopa kupanda juu.