Viazi vya Mama Hidaya

Leo nimejivua nguo mbele za watu. (Si nguo hizi za kuvaa. Tulieni.) Nawaandikia kutoka intaneti kafe ya hapa Makambako, na sitoki humu mpaka uso upoe.

Mnamjua mume wangu, Baba Lusi, fundi seremala. Mwezi mzima sasa, nikimtengea chakula cha mchana anamega matonge mawili, ananawa. "Nimeshiba, Mama Lusi." Ameshiba nini? Kashibishwa na nani? Nakaanga nyama inaelea kwenye mafuta, chapati zinang'aa, na mtu ananiambia ameshiba!

Wivu ukaanza kuniwasha. Nikawa nanusa mashati yake. (Ndiyo, nilinusa. Hata wewe ungenusa.) Harufu ya mbao tu. Lakini juzi, kwenye mfuko wa koti lake la kazi, nikakuta kipande cha kiazi kitamu. Ndani kina rangi ya chungwa! Na hapa mjini najua mtu mmoja tu anayepika viazi vya rangi hiyo: Mama Hidaya, mwanamke wa Kondoa mwenye genge karibu na maegesho ya malori. Mjane. Mzuri wa sura. Ana sauti ya kubembeleza hata akikuuliza kama unataka chumvi.

Nikalala nimeununia ukuta.

Jana nikanunua vitumbua, vimefungwa kwenye kipande cha gazeti. Nikawa nakula huku nasoma. Habari yenyewe ilihusu vyakula vya GMO, vile ambavyo mbegu zake zimebadilishwa vinasaba maabara. Mstari wa mwisho ulisema hivi: "Vyakula hivi vinaweza kusa..." Karatasi ikawa imechanika hapo hapo. Nikamalizia mwenyewe. Kusababisha! Kiazi gani cha Mungu kina rangi ya karoti? Nikaona nimemshika.

Leo saa saba mchana nikavaa kitenge kipya, nikajipaka mafuta usoni (mtu haendi vitani amepauka), nikashika njia.

Genge limejaa. Madereva, wapakia mizigo, na bwana shamba wa kata yetu amekaa kwenye benchi la mbele. Na kando yake nani? Baba Lusi! Mbele yake sahani ya viazi vya kuchemsha, maharage na mboga za majani. Anatafuna kwa furaha ambayo sijaiona tangu harusi yetu.

"Kamwene, Mama Lusi!" Mama Hidaya akanisalimia kwa Kibena. (Mtu wa Kondoa! Kibena chetu nacho amechukua!) "Karibu dada, kaa hapa."

"Sikai. Jamani, acheni kula! Mnalishwa GMO!"

Vijiko vikasimama. Dereva mmoja akaangalia sahani yake kama imemng'ata.

"GMO ndiyo nini?" akauliza.

"Sumu ya maabara! Tazama rangi hiyo! Mwanamke huyu anawapa waume za watu vitu vya kisayansi, wanasahau nyumbani kwao!"

Baba Lusi akaweka kiazi chini polepole. Bwana shamba akajifuta mdomo, akaniuliza kwa upole, "Mama yangu, hayo ya GMO umeyapata wapi?"

"Nimesoma gazetini."

"Gazeti lilisema nini?"

"Kwamba vyakula hivyo vinaweza kusa..." Hapo nikakwama. "Kusababisha."

"Kusababisha nini?"

"Karatasi iliishia hapo."

Mpakia mizigo mmoja akasema, "Labda lilisema kusaidia." Genge zima likaangua kicheko. Mzee mmoja wa Kikinga alipaliwa na chai mpaka wakamgonga mgongo.

Bwana shamba hakucheka sana. (Alijitahidi, nilimwona.) Akaeleza kwamba viazi vile si GMO kabisa. Vinaitwa viazi lishe. Wataalamu wamechanganya aina za viazi kwa njia ya maua, kama mkulima anavyochagua jogoo wa kuzalisha, na rangi ile ni ya vitamini inayofaa macho, hasa kwa watoto. "Na hata ingekuwa GMO," akasema, "usiikimbie wala kuikimbilia kwa kusikia jina. Uliza ni mbegu gani, imepimwa na nani, imeonekana kuwa na nini. Halafu amua mwenyewe."

Ningekuwa na akili, ningeshukuru nikaondoka. Sikuwa nayo. Nikamgeukia Mama Hidaya: "Basi useme unakovitoa!"

Akanitazama kwa huruma. Huruma, jamani! Afadhali angenitukana.

"Dada, ananiletea mumeo."

Nikamtazama Baba Lusi. Akajikuna kichwa.

"Mama Lusi, yale marando ya viazi uliyopewa kwenye semina ya lishe, si uliyatupa nyuma ya nyumba? Ukasema chakula cha maskini. Niliyaokota, nikayapanda bondeni, kwenye kinyungu chetu, kile kibustani cha kiangazi."

Yaani sumu ya maabara imetoka shambani kwangu. Natamani ardhi ipasuke, na ardhi ya Makambako ngumu, haipasuki.

"Sasa kwa nini huli nyumbani?" Sauti yangu ilikuwa imeshuka mpaka kwenye viatu.

Akainuka, akanivuta kando. "Nina presha. Daktari alisema nipunguze mafuta na chumvi. Nilikuambia, ukalia siku mbili, ukasema nimeyachoka mapishi yako. Sikutaka ulie tena."

Kumbe nilikuwa namlisha wivu na mafuta kwa pamoja, na mtu anaumwa. Nikarudi, nikamwomba Mama Hidaya msamaha mbele ya wote. Akaniwekea sahani bila neno. Nikala. Viazi vitamu, jamani! Hilo ndilo limeniuma kuliko yote. Nikaomba kingine, na kabla ya kuondoka nikamwuliza anavichemshaje bila kuvunjika. Akasema nije Jumatatu nimsaidie kumenya, atanifundisha. Nitakwenda. Nitakwenda na ushungi wa kufunika uso.

Wengine chekeni tu, siwezi kuwazuia. Ila kama una ndugu Matembwe, nakusihi usimsimulie: mama mkwe wangu anaishi huko, na yule akianza kucheka, mahindi yatapandwa na kuvunwa hajamaliza.