Kumalizika Rasmi kwa Zama za Mawe Mkoani Ruvuma

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Mkoa wa Ruvuma kwamba Zama za Mawe zitamalizika rasmi Ijumaa ya mwisho ya mwezi Novemba, saa nne asubuhi. Wananchi ambao bado wamo katika zama hizo wanaombwa kukamilisha shughuli zao mapema ili kuepuka usumbufu.

Tangazo hilo lilibandikwa mjini Songea, kwenye mlango wa Ofisi ya Kanda ya Uratibu wa Ustaarabu. Aliyelibandika ni Otto, afisa tathmini, mtu mpole wa miaka hamsini na tatu mwenye kasoro moja iliyomnyima cheo maisha yake yote: akipewa fomu, huandika kilichopo.

Wazo lilikuwa la bosi wake, Mratibu Mkuu Leodegari. Wiki mbili nyuma, mama mmoja mjane wa Madaba aitwaye Skolastika alikuwa akitayarisha shamba lake la mahindi, jembe likagonga rundo la mawe yaliyochongwa yakawa makali upande mmoja. Mtaalamu aliyapima akasema ni zana za watu wa kale, za maelfu ya miaka. Leodegari alifurahi kupita kiasi. Alisema mikoa mingine ilijiingilia Zama za Chuma kimyakimya, bila hafla wala mgeni rasmi, na Ruvuma haitarudia kosa hilo. Yeye angezimaliza zama hizo mbele ya kamera, kisha apandishwe cheo na kuhamishiwa makao makuu, jambo alilolisubiri miaka tisa.

Tatizo lilikuwa moja tu. Ili zama zimalizike, lazima kwanza wapatikane watu waliomo.

Ndipo Otto akatumwa Madaba na Fomu ya Tathmini ya Ustaarabu. Makazi yakipata chini ya alama hamsini yanakuwa Eneo la Zama za Mawe: kilimo kinasimama, uzio unazungushwa. Leodegari alimdokeza mapema kwamba kwa mama yule alama kumi na mbili zingependeza.

Skolastika alimpokea uani, mikono kiunoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kuchukua shamba?"

"Nimekuja kuuliza maswali, mama."

Swali la kwanza lilitaka kujua kama wakazi wamekwishagundua moto, na kama ndiyo, lini. Skolastika alitazama chungu cha maharage kilichokuwa kikichemka mbele yao, akajibu kwamba leo wameugundua saa kumi na mbili asubuhi. Otto akaandika. Kwenye mifugo aliandika nguruwe wanne, kuku kadhaa, na mbuzi mmoja ambaye wakati huo alikuwa akila ukurasa wa tatu wa fomu. Hifadhi ya nafaka: kihenge, kimejaa nusu. Vinywaji vya kuchachusha: alipewa ulanzi, akathibitisha, kisha akathibitisha tena kwa uhakika. Maandishi: daftari ambamo mama huyo ameandika siku za mvua tangu mwaka wa tisini na moja.

Skolastika alimfunulia daftari lenyewe, akamwonyesha kwa kidole kwamba mvua ya kupandia haikuwa mbali.

"Hao waliochonga mawe walikaa hapa, wakala, wakaondoka," alisema. "Hawakumzuia mtu kulima. Ninyi mkinizuia, wajukuu zangu watakula hiyo karatasi?"

Otto hakuwa na kisanduku cha swali hilo, lakini alirudi nalo Songea. Alipojumlisha alipata alama tisini na moja.

Leodegari alisikitika sana. Alimwambia kwamba mtumishi mzuri hujumlisha kwa kuangalia mbele, akamrudishia fomu airekebishe. Otto alikwenda kwenye meza yake akausoma mwongozo wa tathmini wote, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika ofisi ile. Kifungu cha tisa kilisema tathmini itafanywa mahali popote ambapo binadamu hushinda zaidi ya saa nane kwa siku. Hakuwa na hakika kama ofisi yao inahusika, hivyo akafungua daftari la mahudhurio. Mratibu Mkuu alikuwa amesaini kuingia saa moja na nusu na kutoka saa kumi na moja kila siku, zikiwemo siku zote za wiki ijayo.

Ushahidi ulitosha. Otto akachukua fomu mpya.

Moto: ulikuwepo hadi Juni, gesi ya chai ilipoisha. Kilimo: hakuna. Njia ya kupata chakula: kuokota na kuvizia, hasa wageni wanaopita. Maandishi: yako mengi ukutani, ila wenyeji hawajaonekana wakiyasoma. Zana: jiwe moja, la kuzuia mlango. Mfumo wa jamii: kundi dogo linalomzunguka mwenye sauti kubwa. Alijumlisha mara tatu kwa kuogopa kumwonea mtu. Kumi na moja.

Fomu zote mbili aliziweka mezani kwa Mratibu Mkuu, na ile ya Madaba hakuifuta hata tarakimu moja. Leodegari alisaini zote bila kusoma, kama alivyosaini kila kitu, zikatumwa makao makuu.

Ijumaa ilipofika, maturubai yalifungwa mbele ya ofisi, spika zikapiga kwaya, na Skolastika akaketi mstari wa mwisho, kanga ameikaza. Mgeni rasmi kutoka makao makuu alisimama na barua. Alisema makazi ya mama Skolastika yamestaarabika kwa kiwango cha juu na apande mara moja. Aidha, Eneo la Zama za Mawe limepatikana hapa hapa mjini, ndani ya jengo hili. Kwa taratibu za hifadhi, hakuna kilichomo, chenye uhai au kisicho na uhai, kitakachohamishwa wala kupandishwa hadi utafiti wa miaka ishirini ukamilike.

Leodegari aliuliza kwa sauti ndogo kama chenye uhai ni pamoja na yeye. Mgeni rasmi alimwonyesha saini chini ya fomu, akamwuliza kama ni ya mtu mwingine.

Skolastika hakusubiri soda. Alidaka bodaboda hadi stendi, na mvua ya Jumatatu ilimkuta amekwishapanda ekari mbili.

Otto, kwa kuwa alipopimwa peke yake kwa fomu ileile alama zake zilikuwa nzuri, aliteuliwa kuwa mwongoza wageni. Wa kwanza kufika walikuwa wanafunzi kutoka Lusewa pamoja na mwalimu wao, Zabibu. Walisimama nyuma ya kamba wakimtazama Leodegari, ambaye aliinuka kitini akawahutubia kwa muda mrefu kuhusu utekelezaji wa mikakati ya uwezeshaji wa michakato.

Mwalimu Zabibu alimnong'oneza Otto, akauliza kama watu wa zama hizi walikwishakuwa na lugha.

Otto hakupenda kumdanganya mgeni.

"Lugha wanayo, mwalimu," alisema. "Tunachotafuta ni kujua wanaitumia kwa kazi gani."