Sungura Aliyeitwa Masalu

Mpaka leo saa saba mchana nilikuwa naamini kwamba mzee Masalu ni sungura.

Sisemi kwa mafumbo. Sungura kabisa, wa masikio na mkia. Leo nimeumbuka, wenzangu wa darasa la jioni, na kwa kuwa nusu ya mtaa wa Pasiansi imeshuhudia, heri jambo hili mlipate kwangu kabla watu hawajalitia chumvi. (Chumvi nitatia mwenyewe.)

Mzee Masalu mnamjua kwa jina. Ndiye msimamizi wa zamu pale jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, aliyenisukuma nije kusoma nanyi. Ikifika saa kumi na moja alikuwa ananipokonya fagio. "Dotto, toka hapa! Pamba haina mtihani." Shingo yake ilipinda kushoto tangu robota la pamba lilipomwangukia, kwa hiyo hata akikugombeza ungedhani anasikiliza redio ya jirani.

Kisha jineri ikauzwa. Karatasi ya waliopunguzwa kazini ikabandikwa getini, jina lake la tatu kutoka juu. Kesho yake hakuonekana. Keshokutwa pia. Nikaenda chumbani kwake, nikakuta msumari wa koti ukutani, basi.

Ndipo Sospeter, yule muuza mitumba, akaninong'oneza. "Hujui? Wale wa kwenye karatasi wamechukuliwa wote. Yuko mama mmoja Pasiansi, muuguzi mstaafu. Anawageuza sungura. Kila banda lina jina la mtu. Masalu nimemwona, shingo imepinda vilevile."

Nikacheka. Halafu nikaenda kuangalia. Halafu sikucheka.

Nyumba ya Mama Felista iko katikati ya majabali, yale makubwa yaliyokaa kama yanasubiri neno moja tu yaporomoke ziwani. Nyuma ya nyumba ni mabanda. Mnakumbuka watu walivyokimbilia miradi ya sungura, wanunuzi wasitokee? Mama Felista alikusanya waliobaki, wale ambao hakuna anayewataka hata kwa mchuzi. Kipofu. Mwenye miguu mitatu. Mzee aliyeng'oka meno. Mmoja anang'ata kila mtu, akiwemo padri. Hachinji, hauzi. Anachotafuta ni wadhamini: unapewa sungura mmoja, unamletea majani na pumba mpaka siku atakapokufa mwenyewe kwa uzee wake.

Nikapita nikisoma vibao. Bahati. Tereza. Mashauri. Macho yote mekundu yakinifuata. Banda la mwisho: MASALU. Mweupe, amekonda, shingo imepinda kushoto.

Nikapiga magoti mbele ya banda. "Mama," nikasema, "huyu Masalu ndiye niliyemfuata."

Mama Felista akanitazama kwa huruma. "Utamtunza mpaka mwisho wake?"

Mtu mwenye akili hapo angeuliza swali. Mimi nikajibu, "Mpaka mwisho, mama."

Miaka miwili, jamani! Kila Jumamosi majani ya viazi, karoti, pumba. Nikifika nainama, "Shikamoo, mzee." Hajibu. Namsomea gazeti, hasa habari za bei ya pamba. Siku moja aligeuza sikio, nikalia njia nzima mpaka nyumbani. (Ndiyo, Baiolojia nilifaulu. Msiniulize.)

Sasa leo. Mchuuzi mmoja wa dagaa amekuja mpaka kazini kwangu. "Mama Felista anasema Masalu hali tangu juzi. Uende."

Siogopi kifo cha sungura. Niliogopa mzee wa watu atakufa sijamwambia asante. Alituacha bila kuagana, na cheti changu kimetoka juzijuzi, hajakiona. Nikapitia nyumbani, nikakitoa chini ya godoro, nikatoka mbio.

Nilipofika Pasiansi, wadudu wa ziwani walikuwa wamepanda. Mnawajua, wanainuka majini kama moshi usio na moto. Leo walikuja mamilioni kwa mamilioni, jua likawa rangi ya chai iliyokaa sana. Watu wamefunga madirisha. Mbwa wamenyamaza. Mlango wa Mama Felista ulikuwa wazi.

"Hodi!"

Nikasogea mlangoni.

"Hodi humu!"

Majabali yakanirudishia hodi yangu, ila ikiwa imezeeka.

Nikazunguka nyuma. Sungura wote walikuwa wamekaa wima, wamegeukia banda la mwisho. Hata yule kipofu. Mmoja akapiga mguu wa nyuma kwenye ubao. Du. Wa pili akaitikia. Du. Kisha wote, banda baada ya banda, du, du, du, mpaka nikasikia kwenye meno. Halafu wakaacha kwa pamoja, kana kwamba kuna mtu amewanyoshea mkono.

Juu ya banda la Masalu palitandikwa kitu cheupe, kirefu mpaka chini. Chandarua, cha kuzuia wadudu. Lakini mimi niliona sanda.

Nikajipenyeza ndani ya sanda hiyo, nikafungua kijimlango cha banda, nikapiga magoti. Alikuwa amelala ubavu, jicho moja linanitazama kutoka mbali sana.

"Shikamoo, mzee," nikasema. "Mimi Dotto. Nimekuletea cheti."

Nikakiingiza bandani akione vizuri. Nikamsomea kwa sauti. "Kiswahili, A. Baiolojia, C. Hesabu..." Nikafunika mstari kwa kidole. "Hesabu, B."

Jicho halikupepesa.

"D, mzee. Hesabu ni D. Nisamehe. Na ile karabai ya stoo, uliyomkatia Petro mshahara, niliivunja mimi. Petro hakuwepo hata kazini." Machozi sasa yanashindana na kamasi. "Ulinifanya mtu, mzee, ukaondoka sijakuaga. Nimekuja kuaga. Shikamoo."

Na sauti nzito, ya kohozi, ile ile ya jineri, ikajibu:

"Marahaba."

Wenzangu, nimewahi kukimbia nyoka. Nimewahi kukimbia mgambo wa jiji. Zile zilikuwa matembezi. Niliruka na chandarua kichwani, kamba zikakatika, nikatoka kati ya majabali mweupe kutoka utosini hadi miguuni, nalia "Amenijibu! Amenijibu!", wadudu wakinizunguka kama wasindikizaji.

Ufukweni akina mama walikuwa wanafua.

"Mzimu! Mzimu umetoka kwa Felista!"

Wawili wakatupa ndoo. Wa tatu hakukimbia. Huyo alishika suruali ya jinzi iliyolowa maji, akanichapa nayo usoni mara tatu, kwa mpango. Nikaangukia ziwani. Nilipoinuka, maji kiunoni, Mama Felista alikuwa amesimama na ndoo yake ya maji.

"Dotto," akasema, "hicho ni chandarua changu?"

Nikarudishwa kwa maandamano. Nusu ya Pasiansi nyuma yangu, na yule wa suruali yuko mbele, suruali begani, tayari kwa lolote.

Na nyuma ya nyumba, amekalia ndoo iliyopinduliwa, kifurushi cha majani ya viazi mapajani, shingo imepinda kushoto: mzee Masalu. Wa miguu miwili. Na viatu.

"Nilifika ukiwa ndani ya chandarua, nikasimama nyuma yako," akasema akijifuta macho kwa kicheko. "Umesalimia, nikaitika. Ulitaka ninyamaze? Habari ya karabai niliijua siku ileile, Petro nilimrudishia chake. Hiyo D ndiyo imenishtua."

Mama Felista akatua ndoo. "Kila banda lina jina la mdhamini wake wa kwanza. Masalu ndiye aliyemchagua huyu, kwa ajili ya shingo. Aliporudi kwao nikawa natafuta wa kuendelea, nawe ukaja mwenyewe na magoti chini. Nikajua mmeagizana! Leo niliwatumia salamu nyote wawili."

"Mimi nilijua..." Nikaona hakuna namna. "Sospeter aliniambia mzee amegeuzwa."

Watu walicheka mpaka sungura wakajificha. Isipokuwa mmoja. Kutoka banda la mwisho kulikuwa na sauti ndogo, kra, kra, kra. Aliyekuwa hali tangu juzi amesimama, anakula cheti changu. Alianzia kwenye Hesabu.

"Mwache!" Mama Felista akanidaka mkono. "Mwache, anakula!"

Nikamwacha. Akamaliza Hesabu, akaingia Jiografia.

Mzee Masalu sasa hakuwa anacheka. Alinitazama kwa pembeni, kama anavyotazama siku zote. "Miaka miwili unamsomea huyu gazeti?"

"Ndiyo, mzee. Bei ya pamba."

Akanisogezea nusu ya ile ndoo nikae.

"Mtu akipunguzwa kazi hageuki kitu, Dotto. Nilirudi kwetu Sengerema, ng'ambo ya ziwa, nalima mihogo. Feri ipo kila siku. Ungepanda tu."