Chungu cha Miaka Elfu Mbili

Jumatatu, 9 Juni

Darasa langu limepewa siku nne za kuishi. Bi. Mutuku, mwalimu mkuu, anasema Ijumaa wazazi wataamua: saa yangu ya Jumatano alasiri ibaki ya Masomo ya Kale, au apewe mwalimu kijana Makau na kompyuta zake. Makau nilimfundisha kusoma mimi mwenyewe. Hii ndiyo shukrani.

Nikamweleza Bi. Mutuku, kwa upole na kwa dakika arobaini, kwamba wahenga walianza kila elimu na mshangao, kisha tabia njema ikafuata. Akasema alinielewa tangu dakika ya pili. Tatizo ni kwamba wanafunzi wangu wamebaki tisa, na mmoja wao huja kwa sababu chumba kina kivuli.

Kweli, hawashangai. Nimewaamrisha washangae mara mbili, bila mafanikio. Wanahitaji kitu cha kushangaza. Kisipokuwapo, kitatengenezwa.

Jumanne, 10 Juni

Asubuhi sokoni Kithimani. Nimenunua chungu kwa Mumbua mfinyanzi. Akauliza cha nini. Cha maji ya kunywa, nikamjibu. Akanieleza namna ya kukiosha. Nami nikamweleza historia ya ufinyanzi tangu Misri. Tulipofika katikati ya Misri, akaanza kumhudumia mteja mwingine.

Nyumbani nikakipasua kwa nyundo na kupaka vipande masizi. Mke wangu Nzisa akauliza chungu kimenikosea nini. Nikasema hii ni elimu. Akasema basi elimu hiyo niifagie mwenyewe.

Alasiri nikavizika nyuma ya maktaba ya shule. Makau akanikuta na jembe. Akauliza napanda nini. Viazi vitamu, nikasema. (Somo la wiki ijayo: ukweli.) Akasema mzee asijisumbue, akaleta ndoo mbili za maji akamwagilia. Kijana ana tabia nzuri. Nilimlea mimi.

Jumatano, 11 Juni

Nikawaambia watoto kwamba huenda watu waliishi hapa miaka elfu mbili iliyopita. Mahali pa kuchimba nikapachagua kitaalamu: pale penye matope. Kigae cha kwanza kikatoka. Nikashangaa kwa sauti ili kuwaongoza. Nilikuwa peke yangu.

Loise, mwenye miaka kumi na mmoja, akafuta shingo ya chungu kwa kidole. Sasa, wafinyanzi wa huku huchora kila mmoja alama yake shingoni mwa chungu kabla ya kukichoma, ndivyo kinavyojulikana ni cha nani. Jambo hili ninalijua vizuri. Nimewahi kuliandikia makala. Loise akasema, Mwalimu, hii ni alama ya susu. Susu, yaani bibi yake, ni Mumbua.

Nikajibu haraka kwamba alama hurithiwa. Pengine hii ni ya bibi wa bibi wa bibi yake. Nikadhani nimeokoka. Bahati mbaya nimewafundisha maswali matatu ya mantiki: nani anasema, amejuaje, ushahidi uko wapi. Wakanigeuzia yote matatu. Farhia, binti wa Gelle muuza mifugo, akataka kujua kwa nini udongo ni laini hapa tu. Mwingine akasugua kigae, masizi yakabaki mkononi. Wakachimba shimo la pili pembeni ili walinganishe. Kengele ya kwenda nyumbani ikalia, hakuna aliyeisikia. Nikawaomba waondoke. Wakakataa.

Sijawahi kuwa na somo baya kama hili.

Alhamisi, 12 Juni

Mumbua amekuja shuleni. Hakunisalimu. Akaniuliza mbele ya walimu wote chungu chake kilipasukaje, maana sokoni wanasema vyungu vya Mumbua havimalizi siku mbili. Nikaanza kueleza. Akasema nieleze kwa kifupi. Sijazoea.

Nikakiri nilikipasua kwa nyundo. Akauliza nilipiga mara ngapi. Nne, nikasema. Uso wake ukabadilika. Akawageukia walimu: mmesikia, nyundo, mara nne. Akaondoka kichwa juu.

Makau akaniuliza kama viazi vimeota.

Ijumaa, 13 Juni

Mkutano. Nilikuwa na hotuba ya kurasa kumi na mbili. Wazazi walicheka kabla sijafungua ya kwanza. Hapa watu huamua kwa kupanga mistari: wa Makau ukutani, wangu dirishani. Mstari wa Makau ukafika mlangoni. Wangu ulikuwa Nzisa, akaambiwa aketi kwa kuwa hana mtoto shuleni.

Kisha Gelle akaomba kuuliza. Alisema tangu Jumatano binti yake haamini neno lolote nyumbani bila ushahidi. Nani amemharibu hivyo? Farhia akanionyesha kwa kidole. Hapo Loise akasimama akaeleza hatua kwa hatua walivyomkamata mwalimu wao: udongo, masizi, alama. Alieleza kwa dakika moja. Sijui alijifunza wapi kufupisha. Gelle akasema mtoto anayeweza kumkamata mwalimu wake hatadanganywa na mtu mnadani. Akahamia dirishani. Mmoja akamfuata, kisha wengi.

Darasa limebaki! Wanafunzi thelathini na mmoja. Bi. Mutuku ametoa sharti moja: nisizike kitu tena. Nimeahidi.

Jumapili, 15 Juni

Nimetafakari kwa kina, kama inavyompasa mtu wa umri wangu. Mbinu ilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa chungu.

Jumatano nitawaletea taya la mnyama aliyetoweka duniani zamani sana. Halitazikwa, ahadi ni ahadi. Litakaa juu ya kabati, na vumbi kidogo. Taya la fahali mkubwa litatosha, na mwenye mafahali ni Gelle. Nimempigia simu baada ya ibada. Hakuwapo. Nimemwachia Farhia ujumbe, pamoja na maelezo kamili ya kwa nini jambo hili lazima liwe siri.