Nilivyowahamisha Wateja wa Madam Nafula

Leo nimejianika mchana kweupe, na hakuna aliyenisukuma.

Mnajua nilivyowasumbua hapa mwezi mzima, ati nimenunua kampuni. Ndiyo hiyo ya Madam Nafula wa Bungoma, mwalimu mstaafu wa taipu, ambaye miaka yote hii amekuwa akiwahifadhia watu tovuti zao: shule, makanisa, zahanati, agroveti za kuuzia wakulima dawa za mifugo. Sasa anataka kupumzika afuge kuku Tongaren. Mimi nina kampuni kama hiyo hapa Kitale, ila yangu ni ya kisasa (nilisema hivyo mimi mwenyewe, tena kwa sauti). Sharti lake lilikuwa moja tu: leo saa tano wateja wote tukutane Bungoma, na kila mmoja asaini kwamba amekubali kuhamia kwangu. Wakikataa, hakuna biashara. Na mimi nilikuwa nimeshaacha kazi ya kufundisha kompyuta chuoni. Niliwaaga watu hadi kwa keki.

Shida yangu na Madam ilikuwa daftari. Mtu anaendesha seva kwa daftari, jamani! Ameandika wateja kwa kalamu, na si kwa alfabeti. Amewaandika kwa njia anayopita akiwatembelea na pikipiki. Anaanza Malakisi, anakuja mjini, anapanda Misikhu, anamalizia Tongaren. Utadhani anauza maziwa! Anafika kwa kila mmoja, anamwambia tovuti yako iko sawa, anakunywa chai, anaenda.

"Madam," nikamwambia, "siku hizi kuna barua pepe."

"Wanazo," akasema. "Hawasomi."

Nikacheka. (Sijui nilikuwa nacheka nini.)

Basi jana mchana nikaingiza daftari lote kwa kompyuta. Safu ya kwanza majina ya wateja, safu ya pili mahali tovuti ya kila mmoja ilipo. Nikapanga majina kwa alfabeti, kama mtu aliyesoma. Kompyuta ikaniuliza swali fulani refu. Mimi maswali ya kompyuta huwa sisomi, nilikuwa nawaambia wanafunzi ndio wasome. Nikabonyeza tu. Halafu nikaagiza programu ihamishe kila kitu kwa kufuata orodha hiyo. Ikasema imemaliza. Sikufungua hata tovuti moja kuangalia. Ya nini? Nikaenda kula ugali.

Leo asubuhi simu ikalia. Ni mama mwenye zahanati ya kujifungulia, huko Misikhu.

"Kijana, kwa tovuti yangu naona majeneza."

"Mama, umeingia pabaya. Andika jina polepole."

"Nimeandika polepole. Hapa inasema ati vipimo vyote vipo."

"Futa historia ya simu yako, uizime, uiwashe tena." Nikakata. Watu wa mashinani bana!

Haikuchukua dakika tano, akapiga fundi wa majeneza mwenyewe. "Bosi, kwangu kuna kwaya."

"Si wewe hufanya kazi na makanisa?" Haki ya Mungu, nilimjibu hivyo.

Simu ya tatu sikushika. Nilikuwa napiga suti pasi.

Kufika Bungoma, ukumbi umejaa. Wateja ishirini na kitu, chai kwa birika, mandazi, fomu zimepangwa mezani na kalamu juu yake. Pasta, naye mteja, akaomba, na aliomba kweli. Alibariki mikono yangu, akabariki waya, akabariki hata stima isipotee. Kila mtu akajitambulisha na kijiji chake. Madam Nafula alikuwa amekaa mbele na daftari lake mapajani, ametulia.

Nikasimama. Itifaki ikazingatiwa. "Ndugu zangu," nikasema, "enzi za daftari zimeisha!" Na nikamwangalia Madam nikisema hivyo. Akamega mandazi.

Mama wa zahanati akainua mkono. "Mimi nilikupigia asubuhi..."

"Maswali mwishoni, mama."

Nikawasha projekta. Nilitaka kuanza na mteja mkubwa, na mteja mkubwa ni Sista, mwalimu mkuu wa shule ya upili ya wasichana. Alikuwa kiti cha mbele kabisa. "Hebu tuone shule ya Sista, tovuti ambayo wazazi wanafungua wiki hii kutafuta nafasi." Nikaandika jina la shule herufi moja moja, ili waliokaa nyuma pia waone utaalamu. Nikabonyeza.

Fahali!

Fahali mzima, amejaa ukuta wote, mweusi na mabaka meupe, amepigwa picha kutoka upande ambao mpiga picha mwenye adabu hangesimama. Juu yake, jina la shule ya wasichana. Chini yake: HUDUMA YA KUPANDISHA. TUNAFIKA HADI NYUMBANI. MIMBA NI UHAKIKA.

Nikasikia birika likitoa mvuke.

"Yesu wangu," mtu akasema huko nyuma.

Sista akasimama taratibu. "Kijana. Wazazi wanaona hii tangu lini?"

"Tangu... jana, Sista."

Hapo mtu mwenye akili angezima projekta. Mimi nikasema ati ni shida ya mtandao wa hapo ukumbini, na ili kuthibitisha, nikafungua tovuti ya kanisa la Pasta. Ikaja baa ya Malakisi. Ijumaa mbuzi choma na rumba, wanawake wanaingia bure.

Pasta akavua miwani. "Na mimi nimekuombea, bana."

Mwenye agroveti akaruka kutoka kitini. "Kumbe ni wewe! Tangu asubuhi wazazi wananipigia kuuliza kama kuna nafasi. Nimewaambia nafasi ziko, walete ng'ombe!"

Watu wakaangua kicheko. Sista hakucheka hata kidogo, na mimi nilitamani sakafu inimeze pamoja na laptopu.

Madam Nafula akapangusa vidole, akaja mbele, akaweka daftari kando ya orodha yangu. Akaangalia huku, akaangalia kule.

"Umepanga majina," akasema, "hizi anwani za tovuti ukaziacha pale zilipokuwa. Kila mtu umempa tovuti ya mwenzake. Kompyuta haikukuuliza?"

"Iliniuliza, Madam."

"Ukajibu nini?"

"Sijui, Madam."

Mtu mzima na suti, nimesimama kama mtoto aliyekosa hesabu ubaoni.

Seva yake ya zamani kumbe hakuwa ameizima. Alikuwa anangoja kuniona kwanza. Akakaa, akaanza kurudisha kila mtu alikotoka, macho kwa daftari, vidole kumi vikikimbia bila kuangalia vibonyezo. Mimi kazi yangu ilikuwa kumshikia kikombe. Chai ilipoisha, tovuti zilikuwa zimeanza kurudi moja moja. Ya Sista ilirudi ya kwanza.

"Sisi hatusaini," Sista akasema.

Hapo nikaogopa sana. Nikawaambia ukweli, kwamba nimeacha kazi, sina pengine pa kwenda, nimekosa na wanisamehe. Sauti ikanikatika katikati, tena mbele ya mwenye agroveti!

Wakateta kando kwa muda mrefu. Kisha Pasta akaja na jibu. Watasaini, lakini kampuni itasimamiwa na Madam Nafula, na mimi nisiguse tovuti ya mtu yeyote bila yeye kuniruhusu. Mikono yote ikainuka.

"Na kuku wangu?" Madam akauliza, amekasirika.

"Watangoja," mama wa zahanati akamwambia. "Huyu kwanza."

Madam akanitazama kwa huruma. Afadhali angenitusi. "Kesho saa mbili asubuhi uwe hapa," akasema. "Na usije na mdomo mwingi."

Kwa hivyo marafiki, mimi ndiye mtu wa kwanza Kitale kununua kampuni na kuanza huko kama mwanafunzi wa mazoezi. Anayetaka kucheka acheke. Anayetaka tovuti ampigie Madam, mimi siruhusiwi kushika kitu.