Nilivyobadilisha Saa kwa Mbwa

Jumatatu, 3 Agosti 1953

Ijulikane kwa wote watakaosoma daftari hili, yaani mimi peke yangu, maana mke wangu Koleta anasema mwandiko wangu unamuumiza macho: kuanzia leo asubuhi, mimi Ambrosi Lugembe, mpiga kengele wa misheni hapa Ipuli kwa mwaka wa kumi na moja, nina mbwa.

Si mbwa kamili. Ana miezi miwili. Rangi ya ugali wa mtama, sikio moja juu, jingine chini. Nimempata kwa Bernardo, mfagiaji wa kanisa, ambaye mbwa wake amezaa. Nilimpa saa yangu ya mezani, ile ya harusi, akanipa mtoto wa mbwa. Hakubishana hata kidogo. Akaniongezea na kamba. Maskini, hajui biashara.

Nimelipima jambo hili pande zote. Saa lazima uijaze kila jioni; mbwa anajijaza mwenyewe. Saa ina mlio mmoja. Mbwa anayo mingi. Saa haifukuzi fisi. Tena siku hizi mlio wa ile saa hata siusikii, nashtukia tu nimeamka, basi ya nini? Mbwa atabweka alfajiri, nitapiga kengele saa kumi na moja na nusu, Wakristo watakuja misani. Nimempa jina Dakika.

Nimemwambia Koleta asijisumbue tena na mambo ya alfajiri, sasa hiyo ni kazi ya Dakika. Alinitazama kitambo. Akasema haya, Baba Josepha, umesema mwenyewe.

Kila mtu anajua Bernardo anaitamani kengele yangu. Sasa ana saa bila kengele. Nimecheka peke yangu hadi nikapaliwa.

Jumanne, 4 Agosti

Dakika ni mwaminifu. Aliniamsha. Aliniamsha watu walipotoka tu kula, akaniamsha saa sita, saa nane, na saa tisa mara mbili. Saa hizo nimekadiria, maana saa sina. Mara alilia mlangoni, mara alitafuna mkeka nikiwa juu yake. Majogoo yalipoanza akaingiza kichwa kwapani mwangu akalala. Niliona si vizuri kumwacha alale peke yake.

Bernardo ndiye aliyekuja kugonga mlango. Waumini walikuwa uwanjani wanatazamana. Nilipiga kengele jua likiwa limeshafika kwenye mabati.

Padre Anton hakupandisha sauti. Heri angepandisha. Alisema tarehe kumi na tano ni sikukuu ya Kupalizwa Mama Maria, wageni watatoka hadi Nzega, na hawezi kuwa na kengele inayolia jinsi inavyojisikia. Ameniwekea makosa matatu. La leo ni la kwanza. Likitimia la tatu, kamba inakwenda mkono mwingine.

Hakusema mkono wa nani. Bernardo akakohoa.

Kwa watu wa nje, kengele ni chuma. Kwangu mimi ndiyo sababu watu wananiita Mzee Ambrosi na si Ambrosi tu.

Jumatano, 5 Agosti

Nimetambua kosa. Mbwa ana nguvu nyingi. Dawa ni kuzimaliza mchana.

Nikamfunga kamba, tukashika barabara ya zamani kwenda Kwihara, ile ya misafara. Babu yangu aliianza hapo na pembe ya ndovu begani, akafika Bagamoyo, akarudi. Mimi nilikusudia kufika Kwihara tu. Dakika alitaka kufika kila mahali. Kila kichuguu alikisalimia. Alifukuza kware, akafukuza mbuzi, mbuzi akamfukuza yeye, wakanizungusha kamba miguuni.

Njia panda akakaa chini. Nikamvuta. Akalala. Nikambeba begani kama babu alivyobeba pembe, ila pembe haikukojolei. Alilala usingizi mtamu kuanzia pale mpaka mlangoni kwangu. Nilipomshusha alikuwa mpya.

Mimi nilisinzia nikiwa na tonge mkononi. Dakika akalichukua, kwa adabu.

Leo kengele ililia kwa wakati kwa sababu sikulala kabisa. Jana na leo nimejumlisha usingizi wangu, haufiki wa paka mmoja.

Ijumaa, 7 Agosti

Siku mbaya. Niiandike haraka.

Wazo lenyewe lilikuwa safi. Kama mbwa hawezi kumwamsha mpiga kengele, basi mbwa apige kengele. Nikampeleka mchana, kwa majaribio, nikafunga mfupa kwenye ncha ya kamba ya kengele, juu kidogo ya pua yake. Dakika akaruka, akauma, akaning'inia. Kengele ikalia: ngo. Kimya. Ngo. Kimya. Nilifurahi kama mtu aliyevumbua reli.

Halafu nikakumbuka kwamba hapa kwetu kengele ikilia mojamoja mchana, kuna mtu amekufa.

Nilijaribu kumng'oa Dakika. Dakika hang'oki. Bibi Apolinaria alifika wa kwanza, kanga kichwani, ameshaanza kulia, akaniuliza ni nani. Sikuwa na jina la kumpa. Wakaja wanawake na kuni. Wakaja wanaume na majembe. Akaja pia Raymundi, fundi viatu wa Gongoni, kwa baiskeli, anatweta.

Raymundi ni Mluguru. Waluguru ni watani wetu Wanyamwezi tangu babu zetu walipokuwa wanapita kwao na mizigo kwenda pwani. Mtani akikutukana unacheka. Akichukua kitu chako unacheka pia, kama unaweza. Na kwenye msiba mtani ndiye mwenye kazi ya kutania, kwa hiyo Raymundi alikuwa amefunga duka kabisa.

Alipoona maiti hayupo, yupo mbwa ananing'inia, akawatangazia watu kwamba Wanyamwezi sasa wanaita msiba kwanza halafu ndipo wanatafuta wa kufa, na kwamba kwa sura niliyonayo mimi hawatatafuta mbali. Watu wakaanguka kwa kicheko. Bibi Apolinaria peke yake hakucheka. Alisema machozi yake nani atamrudishia. Raymundi akapita nyumbani kwangu, akakamata kuku wangu mwekundu, akasema hiyo ni faini ya kumtoa kazini bila maiti. Akaondoka naye kwenye baiskeli. Ni haki yake.

Padre Anton amesema: mawili.

Jumamosi, 8 Agosti

Nimepata! Nimepata nikiwa nasinzia juu ya karanga nilizopewa nichambue.

Kumrudisha Dakika siwezi. Mtaa mzima nimeshawatambia jinsi nilivyomlalia Bernardo. Kumgawa siwezi, Koleta atauliza saa yake ya harusi imekwenda kwa faida gani. Lakini mtani akimchukua? Mtani hakuombi. Hakununui. Anapita, anaona, anabeba. Mwenye mali anabaki analalamika kidogo kwa ajili ya heshima, kisha analala. Analala!

Kazi iliyobaki ni moja tu: Raymundi amtamani.

Jumatatu, 10 Agosti

Nilimwosha Dakika kwa sabuni ya Koleta. Nikamfunga shingoni utepe mwekundu uliobaki binti yetu Josepha alipoolewa. Tukaenda Gongoni. Nikasimama mbele ya duka la Raymundi, nikasema kwa sauti, kama mtu anayejisemea, kwamba mbwa huyu sitaki hata mtu amguse. Kwamba akipotea, nitakufa. Kwamba mtu mbaya akimchukua sina la kufanya.

Raymundi alikuwa na misumari mdomoni. Alimkagua Dakika meno, masikio, mkia. Akamwinua kichwa, akafungua utepe, akauweka mfukoni. Akasema utepe mzuri, mke wake atafurahi. Kisha akanivua kofia, akaivaa, akaendelea kugonga soli.

Nimerudi nyumbani na mbwa, kichwa wazi, kwenye jua la saa saba.

Jumatano, 12 Agosti

Dakika amekula ndara ya Padre Anton. Ya kushoto. Padre alivua ndara kizingitini alipoingia kusali. Kwa kuwa aliyeiona ni mimi peke yangu, niliificha ndani ya shati nikakimbia Gongoni kabla hajatoka.

Raymundi akaigeuza, akatabasamu, akaiweka juu ya rundo. Rundo lote lilikuwa viatu vya Ipuli. Kiatu cha katekista. Viatu vya shule. Kandambili za Bibi Apolinaria, zote mbili. Kila kimoja kina alama ya meno madogo yaleyale, kama muhuri wa posta.

Nikaona niache kuzungukazunguka. Nikamwambia wazi: mtani, mchukue mbwa huyu, nakusihi.

Raymundi aliweka nyundo chini.

"Mtani, mbwa huyu ni fundi mwenzangu. Yeye anakata, mimi nashona. Umeona wapi mtu anamfungia ndani mshirika wake?"

Akampa Dakika kipande cha ngozi cha kujifunzia, akanirudisha nje.

Padre Anton aliongoza ibada ya jioni na ndara moja na kiatu kimoja. Bernardo alitazama miguu ya Padre, akanitazama mimi.

Ijumaa, 14 Agosti

Kesho ndiyo kesho. Wageni wameshaanza kufika, wamelala hadi kwenye madarasa. Wimbo umefanyiwa mazoezi, uwanja umefagiwa. Bernardo kautia chokaa mpaka mti unaoshikilia kengele yangu. Ni dharau ile, kupaka chokaa mti wa mwenzako.

Sasa nimejua. Bernardo si mjinga. Alinipa mbwa makusudi ili nichelewe, na saa yangu anayo yeye, kila alfajiri yuko uwanjani kabla ya majogoo. Nimechelewa kuligundua hili, lakini sijachelewa kengele.

Mpango huu hauna tundu. Usiku wa leo nalala chini ya kengele yenyewe. Ncha ya kamba nimeifunga kifundoni mwa mguu wangu. Mtu yeyote akiigusa, naamka. Nikigeuka usingizini, kengele inalia, naamka. Dakika nimemfunga nyumbani kwa ile kamba ya Bernardo, mafundo matano. Baridi ni kali, lakini nina blanketi na nina haki.

Jumamosi, 15 Agosti, Sikukuu ya Kupalizwa

Dakika ametafuna mafundo matano.

Kisha akanitafuta, akanikuta, akaingia ndani ya blanketi. Sikumsikia. Nilichosikia ni joto. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu ile hakulia wala kutikisika. Alikuwa na kazi ya kimya: alitafuna kamba ya kengele kifundoni pangu, taratibu, mpaka ikaachana. Ndipo tukalala, wote wawili, usingizi ambao sijaupata tangu nioe.

Kengele ililia mara tatu. Ililia juu ya kichwa changu. Wananiambia ililia vizuri sana. Bernardo alisimama na mguu mmoja huku na mmoja kule, mimi nikiwa katikati, akaivuta kwa kipande cha kamba kilichobaki juu. Wageni wa Nzega walipita wakadhani mimi ni mgonjwa aliyeletwa kuombewa. Mwanamke mmoja ameniachia mayai mawili.

Niliamshwa na maandamano yakirudi. Watoto walikuwa wananiruka mmojammoja, wanahesabu.

Padre Anton alichuchumaa pembeni yangu, na ndara zote mbili miguuni, ya kushoto ina kiraka kipya.

"Ambrosi," akasema, "sasa pumzika."

Aliniita Ambrosi tu.

Jumapili, 16 Agosti

Leo misani nilikaa viti vya nyuma. Kengele ililia nje na mimi niko ndani. Sauti yake ni tofauti ukiwa ndani. Sikupenda.

Baada ya misa Bernardo alikuja nyumbani na saa yangu kwapani. Nikajiandaa kwa maneno makali. Akasema, kwa upole, kwamba amekuja kuirudisha, maana tangu aipokee haijasogea hata mara moja, na amemwonyesha fundi akasema imekufa zamani.

Nikamwambia haiwezekani, mwaka mzima huu imeniamsha kila siku.

Koleta alikuwa anakoroga uji. Hakugeuka.

"Ilikufa Pasaka," akasema. "Aliyekuwa anakuvuta blanketi ni mimi. Halafu ukaniambia nisijisumbue."

Niliichukua saa nikaiweka sikioni.

Nikamuuliza Bernardo, kama hana saa na mke wake ni mzito wa usingizi kuliko mimi, anaamshwa na nani. Akasema ni wale watoto wa mbwa waliobaki. Wanne. Alfajiri lazima walilie mama yao wote kwa pamoja, haiwezekani kulala. Alitaka kuwagawa wote, ila hakuna aliyekubali isipokuwa mimi.

Hapo ndipo nilipoona kila kitu kwa uwazi. Mbwa alikuwa wazo sahihi. Kosa langu lilikuwa kuchukua mmoja! Mmoja anatafuta wa kulala naye. Wanne wanashindana. Bernardo ana kengele kwa sababu ana mbwa wengi kuliko mimi, basi, hakuna siri nyingine.

Nimemwomba wawili. Akanipa watatu, na kamba tatu, akaondoka kwa haraka, hata uji hakunywa. Sasa mimi ninao wanne, yeye anaye mmoja. Majina yao ni Robo, Nusu na Kasorobo. Kabla ya Krismasi kamba ya kengele itakuwa imerudi mkononi mwangu.

Koleta amepanda treni ya mchana kwenda Tura, kwa dada yake, kulala.